Jokofu Langu na Swali la Zamani

Mke wangu ndiye aliyegundua. Alfajiri ya Jumatatu moja ya mwezi Oktoba, mwaka 2024, alikwenda kuchukua maziwa ya chai, akarudi na jagi mkononi na kuninusisha. Maziwa yalikuwa yameganda, wala si mgando ule wa kibuyu tunaoupenda sisi watu wa huku, bali uchachu wa kitu kilichoharibika. "Baba, jokofu lako limekufa," akasema. Liliposemwa kuwa ni langu nilijua kuna lawama njiani, kwa sababu linapofanya kazi jokofu hilo huwa ni letu sote.

Nilikwenda kulifungua. Taa ya ndani iliwaka, nikafarijika bure. Taa ya jokofu haisemi lolote juu ya ubaridi. Inasema tu kwamba umeme umefika kwenye taa. Nikagusa ukuta wa sehemu ya barafu, nikauona una joto sawa na la mkono wangu. Samaki wawili wa Ziwa Babati niliowanunua Ijumaa walikuwa wamelegea na macho yao yameingia ndani. Hao tuliwazika nyuma ya migomba kabla majirani hawajaamka. Lakini si samaki walionifanya nikae kwenye kigoda nikiwa nimeshika tama. Katika mlango wa jokofu, kwenye kikasha cha plastiki, palikuwa na vichupa vitatu vya insulini ya mke wangu.

Kila kichupa kina mililita 10, na kila mililita ina uniti 100, kwa hiyo kichupa kizima ni uniti 1,000. Yeye hutumia uniti 40 kwa siku, asubuhi na jioni. Maana yake kichupa kimoja humchukua siku 25. Hesabu hizi huzifanya kila tunaponunua dawa, kwa sababu dawa hiyo haipatikani kila siku unapoihitaji, na mara mbili imenibidi nipande basi hadi Arusha kuitafuta. Kichupa ambacho hakijafunguliwa hutakiwa kikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, nacho hudumu mpaka tarehe iliyoandikwa kwenye kasha. Kikitolewa nje, mahali pasipozidi nyuzi 25 au 30 kwa kutegemea aina yake, saa yake huanza kuhesabu: kama wiki nne, basi. Sasa fanya hesabu mwenyewe, ndugu msomaji. Vichupa vitatu vikianza kuhesabiwa siku moja, mke wangu angemaliza kimoja na kuonja cha pili. Vilivyobaki vingekuwa vya kutupa.

Nilimwendea mtoa dawa wa duka tunalonunua. Ni mtu mpole, akaniuliza mara ya mwisho kuona barafu ni lini. Nilikumbuka kwamba Jumamosi jioni tulimwekea mgeni vipande vya barafu kwenye juisi. Akaniambia nisihangaike kupita kiasi: siku moja na nusu ndani ya jokofu lililozimika si jua la mchana. Niandike tarehe juu ya kila kasha, nivitafutie mahali pa baridi, vitumike mapema, na nisiitegemee tena ile tarehe ya kiwandani. Jambo moja alilisisitiza kwa kidole: nisije nikatafuta barafu ya mtaani nikavilaza juu yake. Insulini iliyoganda imeharibika moja kwa moja, hata ikiyeyuka na kuonekana safi kama maji ya chemchemi.

Basi mahali pa baridi nikapatengeneza kwa vyungu. Nilichukua chungu kikubwa cha udongo, kisichopakwa rangi, nikamwaga mchanga chini, nikatumbukiza chungu kidogo katikati, nikajaza mchanga pembeni na kuumwagia maji. Vichupa nilivitia kwenye mkebe mkavu ndani ya chungu kidogo, nikafunika kwa gunia bichi. Kisha nikaviweka kivulini, upepo unapopita. Mchezo huu si wangu. Mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, aliueneza katika vijiji vya kwao miaka ya 1990 ili wakulima wahifadhi mboga, akapata tuzo ya Rolex mwaka 2000. Wala haukuwa wake peke yake. Mtungi wa bibi yangu ulifanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Maji yanapokauka hubeba joto. Oktoba kwetu ni kukavu na mji uko zaidi ya meta 1,300 juu ya bahari, kwa hiyo upepo wa mchana unafaa kwa kazi hiyo. Nilitumbukiza kipimajoto changu cha zamani cha glasi. Saa nane mchana sebule ilikuwa na nyuzi 27, chungu kilikuwa na 19. Haikuwa 8, lakini nilipumua.

Sasa nikarudi kwa mgonjwa mwenyewe.

Ni vizuri niseme mapema kuwa mimi si fundi. Nilisomea ualimu Mpwapwa, mwaka 1970 na 1971, nikafundisha miaka inayokaribia 40, zaidi ya nusu yake nikiwa Mwalimu Mkuu. Sayansi nilifundisha kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuifundisha. Darasani nilikuwa nikilowesha leso, nawapaka watoto spiriti ya zahanati kwenye mkono, nawauliza wanasikia nini. "Baridi, Mwalimu!" Naandika ubaoni: kimiminika kikigeuka mvuke huchukua joto. Kengele inalia. Nilikuwa nikiamini kwamba mtu anayejua hilo analijua jokofu.

Kwa hiyo nilijipima. Niliibana noti ya shilingi elfu mbili kwenye mlango, nikaivuta. Ilishikwa vizuri pande zote, kwa hiyo mpira wa mlango ulikuwa mzima. Nikakizungusha kile kitufe cha kuongeza baridi hadi mwisho. Nikabadili plagi. Nikaliinamisha sikio nyuma ya jokofu kama mganga anavyosikiliza kifua. Kulikuwa na kimya, kisha mngurumo mfupi wa sekunde tano au sita, kisha mlio mdogo: tk. Kimya tena. Nilitazama saa yangu, na baada ya dakika nne hivi mngurumo ukarudi, na tk. Niliandika hayo yote kwenye daftari kwa mwandiko mzuri, na sikujua yana maana gani.

Fundi wa kwanza alifika saa kumi. Sitamtaja, na pengine yeye ni hodari kwa mambo mengine. Alifungua mlango, akatia mkono, akafunga mlango. "Gesi imekwisha, Mwalimu," akasema. Nilimwonyesha daftari langu, hakulitazama. Alitaka shilingi laki moja na ishirini, nusu mkononi, na mtungi wake wa gesi aliuacha barazani kama mtu anayeweka mguu mlangoni. Nilikuwa tayari kumpa. Kilichomwokoa mfuko wangu ni mke wangu, aliyetokea jikoni na kuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hiyo gesi imekwisha kwa kwenda wapi?" Fundi akacheka, akaniangalia mimi ili nicheke naye. Nami nilicheka kidogo. Jioni hiyo sikupewa chai.

Asubuhi ya Jumanne jirani alituletea binti mmoja aliyesomea mambo ya majokofu na viyoyozi katika chuo cha ufundi. Alikuja na mfuko wa mgongoni, bisibisi tatu, na mita ya kupimia umeme yenye nyaya nyekundu na nyeusi. "Shikamoo Mwalimu. Shikamoo mama." Tukaitikia. Nilianza kumweleza kuwa gesi imekwisha. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaomba daftari.

Aliposoma ule mstari wa tk na dakika nne, aliinua uso. "Mwalimu, nani amekuandikia hivi?" Nikamwambia ni mimi. "Basi kazi nusu imeshafanyika."

Swali la mke wangu lilijibiwa bila hata kurudiwa. Gesi ya jokofu, alieleza yule binti, haiishi kama mafuta ya taa. Haichomwi. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, miaka na miaka, kiasi kile kile. Kompresa, yaani lile jungu jeusi lililo chini kwa nyuma, huikandamiza mpaka ipate moto. Mabomba ya mgongoni huutoa moto huo hewani na gesi ikawa kimiminika. Kimiminika hupita kwenye kijibomba chembamba, kikitoka huko hukuta nafasi, kinachemka, na kwa kuchemka kinafyonza joto la maziwa yako. Kisha hurudi kwenye kompresa. Ikipungua, maana yake pametoboka, na anayejaza gesi bila kutafuta tundu anauza gesi, hatengenezi jokofu. Na dalili zake ni nyingine: jokofu ambalo gesi imevuja huunguruma mchana kutwa bila kupumzika, wala halipoi. Langu halikuunguruma. Lilijaribu kuamka, likashindwa, likalala.

Aliniita nisome karatasi iliyobandikwa kwenye kompresa. Paliandikwa R600a, gramu 48. Hiyo ni isobyuteni, ndugu wa gesi tunayopikia, na uzito wake wote mule ndani haufikii yai la kuku. Majokofu ya zamani yalitumia R12, ambayo dunia ilikubaliana huko Montreal mwaka 1987 kuiachisha kazi kwa sababu iliharibu tabaka la ozoni. Baadaye ikaja R134a, isiyodhuru ozoni lakini yenye kuongeza joto la dunia. Mtungi wa fundi wa jana, ambao bado ulikuwa barazani, uliandikwa R134a. "Angeweka hii, Mwalimu, jokofu lingekufa kweli," binti akasema. "Na angekata bomba kwa moto bila kuitoa ile ya kwanza, hapo hatuzungumzii jokofu tena." Nilitazama pazia, kochi la sponji, na picha ya harusi yetu ukutani.

Kisha akaanza kupima. Kwenye soketi ya ukutani mita ilisoma volti 214. Si 230 zinazotakiwa, lakini jokofu huvumilia. Halafu akafuata waya. Hapa inanibidi nikiri jambo. Jokofu letu zamani lilikaa jikoni. Tulilihamishia sebuleni mwezi Agosti, tulipopata wageni wa ubatizo, kwa sababu, niseme ukweli, linapendeza. Soketi ikawa mbali. Nikanunua waya wa ekstensheni, ule mwembamba wa kuchajia simu, nikaupitisha chini ya zulia, nikaunganisha na televisheni hapo hapo. Jokofu nikalisukuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta, na mke wangu akalivisha kitambaa kizuri cha kufuma kinachoning'inia hadi nyuma. Binti alichomeka kipimio mwisho wa ekstensheni, akasubiri dakika zake nne. Kompresa ilipojaribu kuamka, namba zilianguka mbele ya macho yangu: 214, 190, 158. Tk.

"Mota inapoanza hunywa umeme mwingi kwa nukta moja," akasema. "Waya huu unamkaba koo."

Alichomoa jokofu, akafungua kile kifuniko kidogo ubavuni mwa kompresa. Alitoka mende mmoja mnene na mayai ya mjusi yaliyokauka. Ndani yake kuna vitu viwili visivyozidi kiberiti kwa ukubwa. Kimoja ni rilei, inayoisukuma mota ianze kisha inajitoa. Kingine wao hukiita ovalodi, ambacho hukata umeme mota ikipata moto, na ndicho kilichokuwa kikisema tk. Aliishika rilei sikioni kwangu, akaitikisa. Ililia kama njuga. Ndani yake kuna kidonge cha udongo wa kauri. Kikiwa kizima hakilii. Kilikuwa kimepasuka vipande.

Nilidhani tumemaliza, lakini alikuwa bado na wasiwasi wake. Mota iliyokabwa hivyo tangu Agosti inaweza kuwa imeungua yenyewe, na kompresa mpya ni karibu nusu ya bei ya jokofu. Kompresa ina misumari mitatu. Aligusisha nyaya za mita kwa zamu: misumari miwili ilitoa omu 14, mingine miwili 21, na ile iliyobaki 35. Akanitazama. Mimi nikajumlisha kwa mazoea ya miaka 40: 14 na 21 ni 35. "Ndiyo," akasema, "zikijumlika hivyo, nyaya za ndani zimeungana vizuri." Kisha akapima kati ya kila msumari na bati la nje, mita haikusoma kitu, yaani hakuna umeme unaovujia kwenye mwili. Mgonjwa alikuwa hai. Rilei na ovalodi zake zingetoka Arusha kwa basi la kesho yake, shilingi elfu kumi na nane zote mbili.

Mke wangu aliandaa chai. Safari hii na mimi nilipewa.

Tukiwa tunakunywa, binti alieleza jinsi alivyoipenda kazi hii. Mama yake alikuwa mhudumu wa zahanati ya kijijini, na yeye alikulia karibu na jokofu la chanjo lililotumia mafuta ya taa. Kazi yake ya utotoni ilikuwa kukata utambi na kufuta masizi kwenye dohani, kwa sababu ule moto ukiwa mwekundu badala ya buluu, baridi hupungua. Wakati mwingine lilipogoma waliliinua watu wanne wakaligeuza kichwa chini miguu juu kwa muda, wakaliacha litulie, likapona. "Nilikuwa nauliza watu wote," akasema, "moto unafanyaje barafu?"

Niliweka kikombe chini.

Maneno hayo hayo, bila hata kupungua neno, niliyasikia mwaka 1984. Nilikuwa Mwalimu Mkuu wa shule moja ya msingi nje ya mji. Nililipeleka darasa la sita zahanati kuona chanjo zinavyohifadhiwa. Yalikuwepo majokofu ya aina hiyo katika zahanati nyingi wakati huo, na watoto walifurahi kushika barafu kwa mara ya kwanza. Tuliporudi darasani, kijana mmoja mwembamba aliyekaa nyuma, mtoto wa wafugaji, alinyoosha mkono. Mwalimu, chini kuna utambi unawaka na juu kuna barafu. Moto unafanyaje barafu? Darasa lilikuwa na watoto zaidi ya 70. Chaki zilikuwa za kugawana vipande. Sabuni haikuwepo, sukari haikuwepo, na mimi nilikuwa na mkutano wa kijiji saa tisa. Ningeweza kusema mengi ya namna hiyo kujitetea. Ukweli ni kwamba sikujua. Nikasema, "Kaa chini, maswali ya kipuuzi yanapoteza wakati wa wenzako." Watoto wakacheka, kwa sababu Mwalimu Mkuu akidhihaki ni lazima kucheka.

Hakuuliza tena. Mwaka huo wala uliofuata. Na kwenye ripoti yake ya darasa la saba niliandika, kwa kalamu hii hii ninayoandikia, "Mtulivu darasani." Niliandika kama sifa.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Erasto Mpemba, nikaikunja ile karatasi haraka kama mtu aliyefumaniwa. Huyu alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu pale Magamba, Lushoto, mwaka 1963. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aisikrimu: wanachemsha maziwa na sukari, wanayaacha yapoe, ndipo wanayaingiza kwenye jokofu. Siku moja nafasi ikawa ya kugombania, Mpemba akayatia yake yakiwa bado ya moto. Yake ndiyo yaliyotangulia kuganda. Alimwuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akageuzwa kichekesho cha darasa. Ndipo alipotembelea shule hiyo Dokta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mpemba akasimama mbele ya wenzake waliokuwa wakimcheka akauliza swali lile lile. Osborne hakujua jibu, akasema hivyo, akaenda kujaribu. Makala yao wawili ilitoka katika jarida la wafundishaji wa fizikia mwaka 1969. Jina la Mtanzania huyo limebaki katika vitabu, na wanafizikia hadi leo hawajakubaliana: wengine wanaona jambo hilo, wengine wakipima hawalioni. Hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni yule mwalimu wa mwanzo ambaye jina lake halikutajwa. Namfahamu. Nimevaa viatu vyake.

Yote haya sikumweleza binti wakati ule. Nilimwambia tu, "Mwanangu, jibu ulilipata?" Akasema chuoni waligusia kidogo wakapita. Nikachukua daftari la jokofu, nikageuza ukurasa, nikamchorea. Nilikuwa nimelitafuta jibu hilo baada ya kustaafu, katika kitabu nilichoazima kwa padri, nikiwa sina wa kumpa. Ndani ya jokofu la mafuta ya taa kuna maji yaliyomeza amonia. Moto huichemsha amonia itoke kwenye maji. Inapanda, inapoa kwenye mabomba ya juu, inakuwa kimiminika, inashukia sehemu ya barafu. Huko inakutana na haidrojeni, inageuka mvuke, na ikigeuka mvuke inafyonza joto, ile ile hadithi ya leso na spiriti. Kisha maji yanaimeza tena, inarudi kwenye moto. Hakuna mota, hakuna kitu kinachozunguka. Moto ndio kompresa. Waliolibuni ni vijana wawili wanafunzi wa Stockholm, von Platen na Munters, mwaka 1922.

Aliutazama mchoro kwa muda. "Nimeelewa," akasema. "Lakini hiyo haidrojeni, Mwalimu, ni ya nini? Si ingebaki amonia peke yake?"

Nilifungua mdomo. Mke wangu alikuwa akinitazama juu ya birika.

"Hilo silijui," nikasema. "Nipe mpaka Jumamosi."

Rilei ilifika Jumatano saa saba. Kazi yenyewe haikuchukua nusu saa, na zaidi ya nusu yake ilikuwa kusukuma samani. Jokofu lilirudishwa jikoni, karibu na soketi, likapewa nafasi ya kiganja kizima kati ya mgongo wake na ukuta. Binti aliyasugua mabomba ya nyuma kwa brashi. Vumbi lilitoka kama pamba ya mto. Alinishauri ninunue friji gadi, kifaa kinachokata umeme ukishuka mno na kusubiri dakika chache kabla ya kuuruhusu tena. Nilimwuliza kwa nini kisubiri, kwa sababu sasa nilikuwa nimezoea kuuliza. Akasema kompresa ikizimika huacha gesi imebanwa upande mmoja. Umeme ukirudi papo hapo, mota inatakiwa iamke huku imebebeshwa gunia. Ikingojewa kidogo, pande mbili hulingana, na inaamka nyepesi. Nilikumbuka mara ngapi umeme ulikatika na kurudi kwa kupepesa katika miaka yote ya mgawo, 2006, 2011, na 2023, na mimi nikashangilia.

Alichomeka. Mngurumo ulianza, nikahesabu moyoni: tano, sita, saba. Tk haikuja. Ulishuka ukawa mvumo mwembamba, na mabomba ya nyuma yakaanza kupata joto chini ya kiganja changu. Binti alitaka elfu ishirini ya ufundi. Nilimpa thelathini, akakataa kumi, mke wangu akamfungia maharage kwenye kanga badala yake. Mtungi wa R134a mwenyewe aliufuata jioni. Alipewa pia maji ya kunywa, yakiwa bado ya mtungini.

Vichupa sikuviingiza siku hiyo. Niliweka kipimajoto ndani ya glasi ya maji kwenye rafu ya kati, kwa sababu hewa hubadilika kila mlango ukifunguliwa lakini maji husema kweli, nikaandika daftarini: saa kumi na mbili jioni, 14, saa mbili usiku, 10, saa nne, 7. Nikaamka saa tisa za usiku kwenda kutazama, nikidhani nimenyata. "Ngapi?" mke wangu akauliza kutoka gizani. Nikamwambia 5. "Usizidishe isije ikaganda," akasema, akageukia ukutani. Asubuhi ya Alhamisi nikavitoa vichupa chunguni, nikavipanga kwenye rafu ya kati, mbali na sehemu ya barafu, tarehe zikitazama mbele.

Ijumaa nilikwenda tena kwa padri kuazima kile kitabu. Habari ya haidrojeni ipo ukurasa uliofuata ule niliosoma zamani, sikuwa nimeufunua. Kwa kuwa jokofu hilo halina pampu, mkandamizo ni mmoja mabomba yote. Haidrojeni huchukua sehemu yake ya mkandamizo huo kule kwenye baridi, ili iliyobaki ya amonia iwe ndogo, nayo ichemke bila kuhitaji moto. Nilisoma mara tatu mpaka niweze kulisema bila kitabu. Yule kijana wa mwaka 1984, niliambiwa na mtu wa kijiji chao, alikwenda machimboni Mererani tangu zamani, na hawajui kama bado yuko huko. Nimeandika jina lake nyuma ya daftari.

Jumamosi binti alikuja saa nne, amebeba kanga ya mke wangu imefuliwa na kukunjwa. Chaki sikuwa nayo. Nilimchorea kwa mkaa kwenye sakafu ya baraza.